Mikono ya Bibi Tunu

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasikie. Kisa hiki kimefika hapa bila mwisho wake, na mwisho huo mtautoa ninyi.

Juu ya uwanda wa Newala, mahali penye mikorosho mingi kuliko nyumba, palikuwa na banda la wanawake arobaini waliokuwa wakibangua korosho. Watatu kati yao walijulikana kuliko wengine, kwa kuwa kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Siwema alijaliwa sura. Uso wake ulikuwa wa namna ambayo mgeni aliyepotea njia, akikuta watu kumi, angemwendea yeye kuuliza. Kazi yake bandani ilikuwa kukaanga.

Asumini alijaliwa sauti. Akisema "karibu", mtu aliketi kabla ya kuonyeshwa kiti. Kazi yake ilikuwa kumenya ile ngozi nyembamba ya ndani na kupanga korosho kwa madaraja.

Somoe alijaliwa maneno. Sauti yake ilikwaruza, na alipozungumza alitazama chini. Lakini waliofiwa, walioachwa na waliogombana walimfuata wakiwa wameinama, wakaondoka wamenyooka. Kazi yake ilikuwa kubangua, naye alikataa kuvaa glovu, akisema kidole kilichofunikwa hakijui ganda linataka kupasukia wapi. Mafuta ya ganda la korosho huunguza. Miaka arobaini ya mafuta hayo ilikuwa imeifanya mikono yake myeusi, yenye magamba, isiyotakata kwa sabuni wala kwa ndimu. Alizaa mtoto mmoja, akamzika angali mdogo. Watu walimwita bibi kwa heshima ya umri. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo kwa damu.

Wa nne alikuwa Nasra, mjukuu wa Asumini, msichana wa miaka ishirini na miwili, aliyejaliwa kuunganisha vitu. Ndiye aliyezitia korosho za banda kwenye pakiti na kuzitafutia wanunuzi kwa simu.

Kwanza Nasra alipiga picha ya kweli: mikono ya Somoe ikibangua. Akaiweka mtandaoni kwa fahari. Lakini wanunuzi wa siku hizi huonja kwa macho. Mmoja aliandika, "Mikono gani hii?" Mwingine akauliza, "Mnauza chakula au lami?" Pakiti zikalala. Nasra aliyaficha maneno hayo. Asumini ndiye aliyeyakuta kwenye simu, akamsomea Somoe kwa sauti yake ile nzuri, akidhani ni mzaha wa kuchekwa pamoja. Somoe hakucheka.

Ndipo Nasra akachukua picha ya Siwema, akaipa programu ya akili mnemba, nayo ikamtoa bibi mwingine: uso wa Siwema uliolainishwa, kanga mpya begani, na mikono laini yenye hina kwenye kucha. Akamwita Bibi Tunu, akamweka mtandaoni na juu ya kila pakiti.

"Na mikono hii ni ya nani?" Somoe aliuliza.

"Programu imeibuni yenyewe, bibi."

"Imebuni mikono ya mtu asiyefanya kazi," akasema, akaendelea kubangua.

Siwema alicheka hadi akashika kiuno. "Wewe afadhali, shoga, wamekuacha. Mimi wameninyoosha makunyanzi, sasa mume wangu anaitazama simu kuliko anavyonitazama mimi!"

Pakiti zikaisha, zikafungwa nyingine, nazo zikaisha. Sasa tazameni ajabu ya watu. Ukiwauliza, wengi watakwambia hawaiamini mitambo, kwamba itawadanganya na kuwatoa kazini. Watu hao hao walimwamini Bibi Tunu kuliko jirani zao. Walianza kwa kuuliza bei, wakaishia kumwandikia habari za ndoa zao na maradhi yao. Na kwa kuwa anayeandika hungoja jibu, Nasra akawa anachuchumaa kando ya Somoe na kumsomea, maana Somoe hakujua kusoma. Somoe, bila kuacha kubangua, alitoa jibu. Asumini akalisema kwenye simu, na kwa programu ile midomo ya Bibi Tunu ikalitamka.

Hivyo ndivyo alivyoundwa: uso wa mmoja, sauti ya wa pili, maneno ya wa tatu, na wa nne akawafunga pamoja.

Miongoni mwa waliomwandikia alikuwemo Lutfia, fundi cherehani wa Morogoro. Alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alipofariki akabaki peke yake. Siku moja aliandika kwamba haoni sababu ya kuamka kesho. Nasra alisoma ujumbe huo kwa kusitasita. Somoe aliweka rungu lake la kubangulia chini, jambo asilolifanya kabla ya adhuhuri.

"Mwambie aamke ashone kitu kimoja tu, kidogo. Kitambaa cha mkono. Akimaliza, anionyeshe."

Lutfia alishona, akatuma picha. Kesho yake Somoe akaagiza kingine. Vilifika vitambaa kumi na tisa, na baada ya hapo Lutfia hakuhitaji kuagizwa. Miezi minane ilipita, akaposwa. Kisha ukaja ujumbe uliolitikisa banda.

"Bibi, naolewa Jumamosi. Sina mwanamke wa kunishika mkono na kunitoa chumbani. Nimekukatia tiketi ya basi. Nautaka mkono wako, ule ninaoutazama kila siku kwenye pakiti. Usipokuja, nitatoka peke yangu."

Tiketi ilikuwa moja, imeandikwa jina la Tunu. Basi lilikuwa la Ijumaa alfajiri.

Somoe aliingiza mikono yake ndani ya kanga.

"Nitakwenda mimi," Siwema alisema. "Uso huu anaujua. Akinikuta stendi, moyo wake utatulia."

"Na ukifungua mdomo?" Asumini akamjibu. "Una sauti ya kuku aliyekanyagwa, mwenzangu. Anayemsikia kila jioni ni mimi. Uso atauzoea."

"Haya, mwenye sauti, akikuuliza alidarizi nini kwenye kitambaa cha saba?"

Asumini akamtazama Somoe.

"Ua la bluu," Somoe akasema polepole. "Alilikosea, akalifumua mara mbili."

"Basi aende Somoe," Siwema alisema, na kusema hivyo hakukuwa kwepesi kwake, maana alikuwa amekwisha kuchagua nguo.

"Nikamwambie mimi ni nani?" Somoe aliuliza. "Nimfikie na uso asioujua, na sauti asiyoijua. Na mkono aliouomba si huu." Akautoa, wakauona wote, kana kwamba hawakuwa wakiuona kila siku.

Nasra alikuwa analia. "Niende mimi nimwambie kweli. Niliyemtengeneza Bibi Tunu ni mimi."

"Siku ya harusi yake, mjukuu wangu?" Asumini alimuuliza. "Na habari hiyo ikienea, nani atanunua tena? Tuko arobaini humu."

"Tuseme amefariki," Siwema akanong'ona.

"Utamzika wapi?" Asumini akamkata. "Mtoto ameshafiwa na bibi mmoja. Umwue na wa pili wiki ya harusi?"

"Basi twendeni wote," Siwema akasema. "Nauli tutachanga."

"Tukienda wote," Somoe alisema, "tutakuwa tumempelekea vipande."

Alisema kwa ukali, na wenzake wakadhani amekasirika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akimwaza binti ambaye hajapata kumwona, amesimama nyuma ya pazia, amenyoosha mkono. Na alikuwa akitamani, kuliko alivyopata kutamani kitu tangu azike mwanawe, kuwa yeye wa kuupokea mkono huo. Lakini hakujua binti angefanya nini akiyagusa yale magamba. Angeushika? Au angeuachia, mbele ya watu, kama wale walioandika habari ya lami?

Alhamisi jioni simu ya Nasra ikalia. Akasoma kwa sauti.

"Bibi, nitakupokea mwenyewe stendi. Watu ni wengi pale. Niambie utavaa kanga ya rangi gani, nisije nikakupita."

Siwema alimtazama Asumini. Asumini alimtazama Somoe. Nasra aliweka kidole juu ya kioo cha simu, tayari kuandika.

"Mwambie..." Somoe alianza, akanyamaza.

Hapo ndipo kisa kilipofika. Ujumbe haujajibiwa, na basi halimsubiri mtu. Lutfia ameomba bibi mmoja. Bibi yake ni yupi: yule aliyekuwa akimwona, yule aliyekuwa akimsikia, yule aliyemwelewa, au yule aliyemletea wote watatu? Na mtu asijifiche nyuma ya jibu kwamba asiende yeyote, maana atadaiwa aseme ni nani atakayemtoa binti yule chumbani. Wewe uliyeketi karibu na mlango, anza: ungempandisha nani?