Chungu cha Bibi Namkunda

"Chungu hubebwa kitako, hakikabwi shingo." Mmeyasikia maneno haya jana mkutanoni, mkaniuliza yametoka wapi. Nitawaeleza, kwa sababu nilikuwapo.

Fundi Kajiru hakuwa na cheti. Hakuwa na mashine yake ya kuchomelea, wala mtu wa kumsemea ofisini. Alichukuliwa kibarua makumbusho yetu yalipokarabatiwa, atengeneze vyuma vya kushikilia vitu ndani ya makabati mapya ya kioo.

Kilichotutia hofu kuliko vyote ni chungu cha tambiko cha ukoo wa Bibi Namkunda, chenye kitako cha mviringo kama yai.

"Kikipata ufa nirudishieni," bibi alimwambia msimamizi, Bwana Mzirai. "Na ukoo wetu hautawapa tena hata mwiko."

Mchoro wa Bwana Mzirai ulionyesha pete ya chuma ikikibana chungu shingoni, kining'inie kipendeze. Kajiru akafanya hivyo hivyo. Alipoanza kukiachia, kikalia: ta! Akakipakata upesi.

"Kaza skrubu!" Bwana Mzirai akafoka. "Wageni wanakuja kesho."

"Sikazi, bosi."

"Cheti huna, ubishi unao!"

"Ubishi hausomewi. Hebu weka kiganja hapa chini. Uzito uko wapi?"

Bwana Mzirai akaweka kiganja. "Wote uko huku."

"Basi shingo tunaikaba kwa kosa gani? Mama zetu walipandisha maji mlimani, chungu kimekaa juu ya ngata kichwani. Nani alikifunga kamba ya shingo?"

Wakakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na ufa; ni gamba la masizi tu lililobanduka.

Kajiru akakunja nondo nyembamba kuwa duara, akaizungushia kitambaa cha pamba mpaka ikawa ngata. Chungu kikakaa. Bwana Mzirai akatikisa kabati kidogo, kisha kwa nguvu. Chungu kimya! Akajibwaga juu ya sanduku la vifaa, akacheka hadi machozi.

"Kajiru, yule bibi ningemtazama kwa macho gani?"

Barua ya kumtuliza bibi niliiandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka: "Chungu chako kimekaa salama." Nikamuuliza Kajiru kama ana la kuongeza. Akafikiri, akanitajia maneno machache, nikayaandika chini. Bwana Mzirai akayasoma mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja na kumkabidhi dereva wa basi la Usangi, kwao bibi. Ndani mlikuwa na maneno haya: chungu hubebwa kitako, hakikabwi shingo.