Korongo Nundu Anayemwagia Mayai Maji

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na kinamasi, na ndege mwenye mdomo mpana kama kata. Haya, sogeeni."

Hapo zamani za kale, mvua ziligoma. Visima vikabaki tope. Ukingo wa kinamasi ukapasuka kama kisigino.

Jumbe Kapufi akatangaza, "Kesho tunachoma mafunjo ya kinamasini. Tutachimba samaki kamongo waliojifukia topeni, tule, kisha tuhame."

Kuhama! Bibi Nyamizi, mkongwe wa kijiji, akatikisa kichwa. Mumewe na wanawe walizikwa pale.

Akaenda ukingoni, kama alivyozoea, kumtazama korongo nundu, yule wa mdomo mpana. Ndege yule alisimama kiotani kimya, kama mkwe ukweni. Mara akaruka, akapotea ndani ya mafunjo. Akarudi, mdomo kaufumba. Akauinamisha juu ya mayai. Chwaa!

Bibi akarudi mbio, kanga ikimvuka.

"Kapufi, mjukuu wangu! Ndege anamwagia mayai maji!"

Watu wakacheka. "Kwani mayai yana kiu, Bibi? Basi tuyanyweshe na mafiga!"

"Chekeni tu. Maji hayo anayateka wapi?"

Kicheko kikakatika. Kapufi akakuna upara.

"Kesho ingia ukatafute, Bibi. Jua likifika utosini hujarudisha jibu, nawasha."

Asubuhi Bibi akajitwika mtungi, akaingia. Ndege akiruka, naye anafuata. Ndege akitua, naye anatua. Mafunjo yakamchana mikono. Jua likapanda. Akatazama juu, akatazama mbele, hamwoni ndege. Akasimama, akatega sikio.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Ulikuwa mdomo wa korongo, ukigonga. Bibi akapenya kuufuata. Na pale, chini ya kivuli kizito cha mafunjo, maji! Meusi, baridi, mengi.

Alipotoka na mtungi umejaa, Kapufi alikuwa ameshika mwenge unaowaka. Bibi akautua mtungi. Akateka kata moja mtungini, akaimwaga juu ya upara wa Kapufi. Chwaa!

"Yai langu, umepoa?"

Kapufi akalamba maji yaliyomchuruzika mdomoni. Akalamba tena.

"Nimepoa, Bibi."

Akauchomeka mwenge mchangani. Ssss! Kijiji kizima kikaangua kicheko, na safari hii Bibi alicheka nao.

Hawakuhama. Maji wakateka, na mafunjo hawakuyagusa, maana kivuli kile ndicho kifuniko cha mtungi wao. Nanyi pia, kabla hamjachoma nyumba ya jirani, ulizeni kwanza anakunywa wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye maji. Mwenye kiu na achote.