Mgawa Maji na Mdogo Wake Msomi

Bisheni kama mna ubavu. Shule niliiacha mapema, lakini mlima niliuona ukihama, na wenye vyeti vyenu mtanisikiliza leo.

Mtu mmoja alikuwa na ndiva mkononi mwake. Ndiva ni lile bwawa la udongo la kule milimani, linalokaa juu ya nyumba zote, na mtu huyo, Kiangi, ndiye aliyekuwa mgawa maji. Hakuna shina la tangawizi lililokunywa bila yeye kuzibua. Kila mtu alimwamkia kwa adabu, naye akashiba heshima.

Kisha mdogo wake, Eliamani, akarudi likizo kutoka chuo kikuu, anakosomea mambo ya ardhi na anga. Wazee wakaanza kumuuliza yeye mvua itashuka lini. Hata mama yao akamtengea kiti chenye mgongo. Kiangi aliketi kwenye kigoda akijiuma mdomo. Tangawizi iliyompeleka yule chuoni aliilima yeye, na leo salamu zinampita kama hayupo.

Siku moja Eliamani akatandaza mbele ya watu picha zilizopigwa na setilaiti. Zilionyesha kwamba ardhi chini ya ndiva inateleza polepole. Akamwomba kaka yake, kwa heshima zote, masika haya bwawa lisijazwe, na walioko chini yake wahame kwanza. Watu wakamgeukia Kiangi. Moyo ukamchoma: hata maji yake sasa yamepata msemaji mwingine.

"Mdogo wangu," akasema, "hicho chombo chako kilichoko juu ya mawingu kimeiona ndiva, je, na mwenye kuifungua kimemwona?"

Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Eliamani akakunja picha zake. Kiangi akaziba mlango wa ndiva, akaiacha ijae hadi ukingoni, ili ijulikane maji ni ya nani. Majirani walipoona mgawa maji hana hofu, nao wakatulia.

Masika yalipokolea, asubuhi moja ukingo ukaanza kupasuka. Eliamani alikimbia nyumba hadi nyumba akigonga milango, na watu wakatoka na nguo za mwilini tu. Mashamba, ng'ombe, nyumba, vyote vikateremka na tope, na nyumba ya Kiangi ikatangulia. Wakampa pole kuliko wote. Maskini, wakasema, angalau familia na mbuzi wake wamepona kwa bahati.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Haikuwa bahati. Jioni ileile ya picha, kicheko hakijawakauka watu midomoni, Kiangi aliwapeleka mke, watoto na mbuzi ng'ambo ya bonde kwa shemeji yake, akiwaambia majirani wanakwenda kusalimia. Akarudi kuchukua mafiga, yale mawe matatu ya jikoni ambayo kule hayabebwi ila na mtu anayehama moja kwa moja. Tangu hapo hakulala tena chini ya ndiva; alfajiri alirudi kama aliyeamkia kwake.

Sasa niambieni: katika kijiji kile, ni nani aliyemwamini msomi kuliko Kiangi?