Zimwi Lililokusanya Nyungo

Paukwa!

Pakawa!

Jikoni pakawa moto, chunguni pakawa uji, na ninyi mkawa na masikio. Yategeni basi, maana mimi leo sirudii.

Hapo kale, katika kijiji cha Kwambelele, hapakuwa na mwanamke aliyesaga mahindi bila kuyapitisha kwenye ungo. Asubuhi walikaa barazani, wakapepeta, wakachagua punje moja moja. Nzima huku, yenye kuvu motoni. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo, lakini walikuwa na msemo wao: punje ina uso, unga hauna.

Mmoja wao alikuwa Sikudhani, mama wa mtoto mmoja tu aitwaye Mwanjaa. Alikaa na mavyaa wake, Bi Mwanamvua, kizee mwenye macho hafifu na ulimi mkali.

Siku moja akaja mwenye duka. Kanzu nyeupe, maneno ya asali, na kilemba kikubwa ambacho hakukivua hata jua la saa saba. Mnajua kwa nini hakukivua? Kwa sababu lilikuwa zimwi, na zimwi lina mdomo wa pili kisogoni. Watu wa Kwambelele wangejuaje? Waliona kanzu.

Basi likafungua duka, likakaa mlangoni, likaimba:

Unga wangu haupepetwi,
unga wangu hauchaguliwi,
leteni ungo, chukueni unga,
migongo ipumzike.

Halikutaka fedha. Ungo mmoja tu, unakula unga mwaka mzima. Tena unga mweupe, laini, unaonukia asumini. Wanawake wakakimbilia, nani asiyependa mteremko? Jirani yake Sikudhani, Bi Kidawa, alitoa nyungo zake mbili kwa mpigo.

Sikudhani alisitasita. Kidawa akamcheka mbele ya watu. "Mwenzangu, kazi ya ungo imekwisha, wewe bado umeung'ang'ania. Unapaa nao usiku nini?"

Sasa nani anataka kuitwa mchawi? Sikudhani akaona haya, akaupeleka ungo wake.

"Umetoa jicho la nyumba hii, mwanangu," akasema Bi Mwanamvua, akasusa ugali siku ile. Kesho yake njaa ikamshinda, akala.

Mwezi wa kwanza, watoto wa kijiji wakakosa hamu ya chakula. Mwezi wa pili, macho yao yakawa manjano. Mwezi wa tatu, tumbo la Mwanjaa likavimba, miguu ikasinyaa, mtoto akawa hawezi kusimama. Sikudhani alimbeba mgongoni kutwa nzima, akamwona mwepesi, akaogopa sana. Aliogopa kwamba mwezi wa nne hatakuwa na mtoto.

Akajiuliza, ni kitu gani kimebadilika kwangu? Kisima ni kile kile. Mboga ni zile zile. Kilichobadilika ni unga.

Basi akaenda dukani kudai ungo wake. Akakuta mlango wa mbele umefungwa, akazungukia uani, akachungulia kwenye ufa wa ghala.

Akaona mahindi yamemwagwa juu ya udongo wenye maji, yameshikana mabonge, mengine kijani, mengine meusi, yameota ndevu. Na wewe uliye nyuma, tema hizo karanga zilizokunjamana, nakuona. Zimwi lilikuwa limevua kilemba. Likayapuliza mahindi, fuu, yakawa unga mweupe unaonukia asumini.

Mdomo wa kisogoni ukauliza, "Wamelainika?"

Mdomo wa mbele ukajibu, "Bado kidogo. Mtu akiharibika ini hawezi kukimbia. Tutawaokota tu."

"Na zile nyungo?"

"Zote ziko darini. Uchawi wangu hauhimili upepo wa ungo."

Sikudhani alirudi nyumbani mbio, akamsimulia mavyaa wake yote. Kisha akauliza, "Mama, unaweza kusuka ungo?"

"Macho yangu hayaoni."

"Na vidole?"

"Vidole vyangu vilisuka nyungo kabla mumeo hajazaliwa. Kata mianzi, usinipotezee wakati."

Wakasuka siku tatu. Siku ya kwanza Kidawa akapita, akasema, "Sikudhani, utapaa lini?" Sikudhani akanyamaza. Siku ya pili Kidawa akapita, akasema, "Sikudhani, utapaa lini?" Sikudhani akanyamaza. Siku ya tatu Kidawa akapita, naye amembeba mwanawe aliyevimba tumbo, lakini mdomo hausikii. "Sikudhani, utapaa lini?"

"Napaa leo," akasema Sikudhani. "Njoo dukani utazame."

Kijiji kizima kilikuwa pale kinangoja kupimiwa unga. Sikudhani akasogea mbele, ungo ameufunika kwa kanga. "Bwana, nipimie."

Zimwi likapima, Sikudhani akafunua ungo, akaupokea unga humo humo. Macho ya zimwi yakatoka. "Weka chini hicho. Unga wangu haupepetwi."

"Nimesikia. Ndiyo maana nataka kuupepeta."

Akaurusha mara ya kwanza, harufu ya asumini ikaondoka. Akaurusha mara ya pili, weupe ukaondoka. Akaurusha mara ya tatu, ukabaki ukungu wa kijani na uvundo, na vumbi lake likaingia ndani ya kilemba. Huko ndani mdomo wa pili ukapaliwa, ukakohoa, ukapiga kelele: "Mbona unanilisha tunachowalisha wao?"

Kilemba kikaanguka. Watu wote wakauona ule mdomo, na meno yake.

Zimwi likajivimbisha hadi likagusa paa. "Nifukuzeni basi. Mrudi kuinama, mrudi kuchagua, mrudi kulia na migongo."

Watu wakatazamana, maana mgongo ni mgongo. Aliyejibu ni Kidawa, na machozi yanamtiririka. "Mgongo wangu nitaukanda. Mwanangu nitamkanda nini?"

Akampa dada yake mtoto, akapanda darini, akaanza kuzitupa nyungo chini. Kila mwanamke akadaka wake. Sikudhani akaita, "Pepeta." Wakapepeta. Akaita tena, "Pepeta." Wakapepeta. Akaita mara ya tatu, na zimwi, ambalo ndani halikuwa na kitu ila pumzi ya uongo, likanyanyuka kama kapi, likapita juu ya paa, likapita juu ya kilima, likaenda zake moja kwa moja. Vigelegele vya siku ile vilisikika ng'ambo ya mto.

Likabaki lile ghala. Kidawa akasema, "Jamani, mahindi haya tusiyatupe yote. Tuwape kuku."

"Na mayai utampa nani?" akauliza Bi Mwanamvua.

Kidawa akachukua jembe. Wakachimba shimo mbali na kisima, wakayachoma yote. Tangu hapo Kwambelele hawaaniki mahindi juu ya udongo, huyaanika juu ya jamvi mpaka punje ilie ikitafunwa. Na mwuza unga akija huambiwa kwanza: tuonyeshe mahindi yenyewe.

Sikudhani alimlisha Mwanjaa uji wa mtama safi. Mwezi wa kwanza macho yakarudia weupe wake. Mwezi wa pili tumbo likashuka. Mwezi wa tatu, Sikudhani akiwa anachagua barazani, akasikia chungu kinakwaruzwa jikoni. Akaingia. Akamkuta Mwanjaa amesimama kwa miguu yake, mkono umo chunguni, anaiba ukoko.

Siku nyingine angemchapa. Siku hiyo aliketi chini akalia kwa furaha, na mtoto akaendelea kula.

Hadithi yangu nimeikomesha hapo hapo jikoni, atakaye ukoko aufuate. Nanyi shikeni hili: cheupe si lazima kiwe safi. Chakula cha kununua kitazame, kinuse, uliza kilikotoka. Chenye kuvu usile, usioshe ukala, wala usimpe mnyama. Uvivu wa asubuhi moja usiuguze nyumba mwaka mzima.