Gari Lilivyotoka Kiwandani

“Hivi gari hili ni la kupanda au la kuabudu?” Fundi Mwantumu aliuliza. Bwana Mbaruku, mwenye kiwanja ilipo gereji ya fundi huyo, alikuwa akilifuta kwa pindo la kanzu gari lake la mbio la mwaka wa sitini na mbili.

“Lirudi lilivyotoka kiwandani,” aliamuru. “Ukitia humo hata skrubu ambayo haikutoka nalo, nakufukuza kiwanjani kwangu.”

“Na ukitia wewe, baba?”

“Mimi? Nikitia mimi, lichukue!”

Wapambe wake wakaangua kicheko.

Siku ya kukabidhiwa alikuja nao. Walichungulia uvunguni, wakanusa injini, mmoja akalamba rangi.

“La kiwandani tupu!” wakakiri.

“Hakuna kilichoongezwa?” Mwantumu akauliza.

“Hakuna!”

Bwana Mbaruku akafungua mlango, akajitupa kitini, akashika usukani.

“Mashahidi,” Mwantumu akasema, “na hicho kitambi nacho kilitoka kiwandani?”

Wapambe wakatazama chini.

“Basi, baba, naomba ushuke taratibu, usije ukanichania kiti.”