Ngoma Iliyokaa Uchi

Kabla sijaanza, chekeni kwanza mmalize. Ndiyo, nimelisalimia gunia la mkaa. Lilikuwa limefunikwa kanga ya Bibi Mize, liko palepale anapokaa Bibi Mize kila jioni, nikainama nikaliamkia. Likanyamaza. Nikadhani hajasikia, nikaliuliza magoti yameamkaje. Mtu mzima mimi, niliyetembea kutoka Ujiji mpaka Lamu, nasimama kuulizia magoti ya mkaa, na Bibi mwenyewe yuko mlangoni ananitazama tu.

Haya. Sogezeni kuni. Nije?

— Njoo!

Nikae?

— Kaa!

Niongope?

— Ongopa kidogo!

Hapo kale, kale ya kale yake, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Mlalakungu. Ukungu wa huko haukuwa na adabu. Ulishuka mchana kweupe, ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Ndiyo maana watu wa mji ule walikuwa na ngoma moja kubwa, imesimama katikati. Likitokea baya, ngoma ililia, na kila mtu akaifuata sauti yake mpaka wakawa pamoja.

Siku moja ngozi ya ngoma ikapasuka. Watu wa Juu wakasema tuwambe ya mbuzi, inalia vizuri. Watu wa Chini wakasema tuwambe ya ng'ombe, inadumu. Wakabishana mpaka mbuzi akasahauliwa na ng'ombe akasahauliwa, wakabaki kutajiana mama na baba. Ngoma ikakaa uchi. Kuku akaingia, akataga humo.

Kisha salamu zikakoma. Mtu wa Juu akikutana njiani na mtu wa Chini, anamwambia, "Wala magimbi mabichi." Wa Chini anamjibu, "Vichwa vya vibuyu." Ndani ya ukungu wakawa wanatambuana hivyo tu. Ukitukanwa unajua ni jirani, unaendelea na safari yako.

Sasa, msituni juu ya mji kulikuwa na zimwi. Masikio yake mapana kama nyungo. Lilikuwa halijui hata neno moja la watu. Likashuka pamoja na ukungu, likajilaza kando ya njia, likatega sikio. Likasikiliza. Likajifunza.

Ukungu ukashuka. Nyuma ya zizi la Chini sauti ikasema, "Wala magimbi mabichi." Mwenye zizi akasonya, akasema hao ni Juu, wapuuzeni. Ukungu ulipoondoka ng'ombe hayupo, na kamba imetafunwa.

Ukungu ukashuka. Nyuma ya banda la Juu sauti ikasema, "Vichwa vya vibuyu." Mwenye banda akasonya, akasema hao ni Chini, wapuuzeni. Ukungu ulipoondoka mbuzi hawapo, na mlango umetafunwa. Juu wakawaita Chini wezi, Chini wakawaita Juu wezi. Zimwi liko kichakani, linaongeza neno la tatu.

Ukungu ukashuka. Mama Mkunde, mwanamke wa Chini, alikuwa mtoni na binti yake mdogo, Mkunde. Sauti ikasema, "Wala magimbi mabichi." Mama Mkunde alikuwa na mafua siku ile, lakini ulimi wake haukuwa na mafua. Akageukia ilikotoka sauti, akajibu, "Vichwa vya vibuyu," akakohoa. Alipogeuka tena, kibuyu cha Mkunde kinaelea majini. Mkunde hayupo.

Akaita. Msituni kukaitika. Sauti ilikuwa inapanda mlima, inasema, "Vichwa vya vibuyu. Vichwa vya vibuyu." Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, Mama Mkunde, na kikohozi chake mwishoni.

Wanaume wa Chini wakachukua mapanga, wakasema Juu wamemwiba mtoto. Wanaume wa Juu wakasikia kelele, nao wakachukua mapanga. Wakakutana kwenye ngoma, ukungu mzito, hakuna anayemwona mwenzake. Panasikika pumzi na matusi. Tusi kutoka huku, tusi kutoka kule. Na moja likatoka katikati, karibu sana, na kikohozi.

Mama Mkunde, aliyewafuata wanaume wa Chini, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Akajua. Alitaka kupiga kelele kwamba kuna zimwi, lakini zimwi nalo lingepiga kelele hiyohiyo kwa sauti hiyohiyo, na mapanga yangeanguka popote. Akatafuta maneno ambayo hayajasikika njiani siku nyingi.

"Shikamoo, Mzee Shekiondo," akasema. "Mguu umeamkaje?"

Mzee Shekiondo ndiye aliyekuwa mkubwa wa Juu, na panga lake lilikuwa tayari hewani. Kuku akaguna ndani ya ngoma.

"Marahaba, mwanangu. Mguu bado unauma. Watoto hawajambo?"

"Mkunde hayupo."

Panga likashuka polepole. "Basi huyu anayetukana kwa sauti yako ni nani?"

"Simjui, baba. Hatujasalimiana naye."

Ndipo wakaanza. Wa Juu akamwamkia wa Chini kwa jina, akamuulizia mke, akamuulizia kikohozi cha mama. Wa Chini akaitikia, akauliza na yeye. Kila aliyeitikia alishikwa mkono. Mikono ikashikana, ikaizunguka ngoma, ikasogea, ikasogea, ikasogea. Mwishowe ikabaki pumzi moja katikati, pana, inanuka damu, na haina mkono wa mtu.

"Nawe hujambo?" akauliza Mzee Shekiondo.

"Vichwa vya vibuyu," likasema zimwi.

"Hujambo?"

"Wala magimbi mabichi."

"Hujambo?"

Likanyamaza. Mapanga yakashuka yote kwa pamoja.

Ukungu ulipoondoka, zimwi lilikuwa limeruka vichwa vya watu na kukimbilia msituni. Liliacha kapu lililokuwa mgongoni mwake, na ndani ya kapu Mkunde, hai, ameuma meno asilie. Na liliacha sikio moja. Wakalikausha, wakaliwamba kwenye ngoma, likaenea sawasawa. Juu wanasema mpaka leo ya mbuzi ingelia vizuri zaidi. Chini wanasema ya ng'ombe ingedumu. Hubishana mpaka jasho linawatoka, lakini huanza na habari za magoti.

Funzo ni hili. Bishana na jirani yako upendavyo, ila usiache kumuulizia hali. Ukiacha, atakuja mwingine na sauti yake, nawe hutajua. Zimwi lilibaki na sikio moja, na siku ile lilisikia salamu zote. Huenda sasa linajua kusema hujambo. Halijui tu mguu wa nani unauma.

Nilikuja?

— Ulikuja.

Nilikaa?

— Ulikaa.

Niliongopa?

Mbona hamjibu?

Basi, Bibi Mize, njia ya kwangu inapita pale kichakani, na naona ukungu umeanza. Naomba mtu wa kunisindikiza.

"Nenda na gunia," akasema Bibi Mize. "Mmeshasalimiana."