Kitabu cha Mdondo

Mtu mmoja alikuwa na kitabu, na jirani yake alikuwa na kuku. Kati yao palikuwa na ua wa minyaa unaofika kifuani. Mwenye kitabu aliitwa Mzee Ntandu, mstaafu wa serikali, aliyefanya kazi ya mifugo katika wilaya za mbali kisha akarudi nyumbani kujenga. Mwenye kuku aliitwa Mama Tatu, mjane. Kuku wake walikuwa wa kienyeji, wale wenye miguu mirefu, na hao ndio aliowategemea kumpeleka binti yake Tatu chuo cha uuguzi mwezi wa kwanza. Nafasi ilikuwa imeshapatikana. Ilibaki kuuza kuku.

Mzee Ntandu aliandika kitabu kuhusu mdondo, ule ugonjwa unaopindisha shingo za kuku na kumaliza banda zima kabla mwenyewe hajajua la kufanya. Kilikuwa kitabu kizuri. Nalisema hili mapema ili msije mkaukimbia mfano huu kwa kusema kwamba huyu hakujua kuandika. Alijua. Alieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba kuku mzima akidondoshewa tone moja la chanjo jichoni, na chanjo hiyo ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu, banda linasalimika. Alieleza pia kwamba mshubiri na pilipili kwenye maji ya kunywa, dawa ya mama zetu, havizuii mdondo hata kidogo. Wachapishaji walikaa na mswada wake mpaka akachoka kuwauliza, ndipo akachukua kiinua mgongo chake akakichapa mwenyewe. Hapo hakukosea. Kuanzia hapo alikosea karibu kila kitu, na mimi nina hasira naye kwa sababu ninyi waandishi mlioketi hapa mmekosea vilevile.

Tazameni jalada. Aliweka picha yake mwenyewe, amevaa suti ya kijivu, ameegemeza kalamu kidevuni. Kuku hakuwepo, hata unyoya. Jina alilokipa lilikuwa la maneno matatu makubwa, maneno ya kuhutubia, na hakuna hata moja lililosema kuku wala mdondo. Fundi wa kiwanda cha uchapaji alimshauri aweke jogoo, Mzee akaona anadhalilishwa. Mtu amesoma, amelitumikia taifa, ameandika, halafu atambulishwe na jogoo?

Kisha akafanya uzinduzi. Mnaujua uzinduzi wetu: ukumbi wenye mapambo, mshereheshaji mwenye maneno mengi, keki yenye umbo la kitabu, na mgeni rasmi aliyechelewa. Huyo mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye kuku hukutana naye sahanini tu. Alikata utepe, akanunua nakala moja kwa bei ya ng'ombe, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na wakubwa wengine nao wakasimama mmoja mmoja kutaja ahadi zao. Hakuna aliyefungua ukurasa. Nakala ya mgeni rasmi ilibaki pale meza kuu, juu yake imewekwa chupa ya maji. Mzee Ntandu akarudi nyumbani akiamini ameuza kitabu, kumbe alikuwa amechangiwa kama bwana harusi. Aliyekuchangia hasomi, hamsimulii mwenzake, wala harudi kutafuta cha pili. Amemaliza wajibu wake kwako, na ukimpigia simu tena atadhani una msiba.

Kuku wa karamu ile walitoka kwa Mama Tatu. Mzee aliwanunua pale pale juu ya ua, na Mama Tatu mwenyewe ndiye aliyewanyonyoa na kuwapika nyuma ya ukumbi pamoja na wanawake wenzake, macho yamejaa moshi. Aliposikia vigelegele alichungulia dirishani, akaona kitabu chenye mtu mwenye suti, akadhani ni habari za maisha ya Mzee. Kesho yake, alipokuwa akirudisha masufuria, alimuuliza kitabu chenyewe kinahusu nini. Mzee akatabasamu, akamwambia akinunue asome, atajua mwenyewe. Alihofu kwamba akimwambia atakuwa amekitoa bure. Muuza asali huwaonjesha watu, ndugu zangu. Huyu alifunika chungu kwa mikono miwili, kisha akalalamika barazani kwamba watu wa siku hizi hawapendi kusoma.

Maboksi yakapangwa katika chumba cha wageni. Nakala chache zilipelekwa duka la vifaa vya shule, zikakaa kati ya madaftari na kadi za harusi, mahali ambapo mfugaji haingii labda awe anamnunulia mtoto penseli. Swedi, mwenye duka la dawa za mifugo kule mnadani, alimwomba amletee vitabu avipange mezani kwake, maana kila siku ya mnada wafugaji humuuliza mambo yale yale na yeye hana nafasi ya kueleza. Mzee Ntandu alichukia. Kitabu chake kikae kando ya dawa ya minyoo? Akamjibu kwa methali, na methali hiyo ndiyo ninyi nyote mnayoilalia kama mto: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akarudi nyumbani kungoja kizuri kijiuze.

Methali hiyo, mkiielekeza kwenye vitabu, imeua vingi kuliko mchwa. Ndizi mbivu inajiuza kwa kuwa inaonekana na inanukia hadi barabarani. Kitabu hakinukii. Kikiwa ndani ya boksi lenye gundi, hata mwenye njaa nacho atapita mlangoni akiimba. Lakini mwandishi wetu anaikumbatia methali kwa sababu inamsifu na kumpumzisha kwa wakati mmoja, na kiburi na uvivu mara nyingi huvaa shati moja. Mimi nimechoka nao wote wawili. Nimechoka kuwasikia watu wazima wakijisifu kwamba hawajawahi kumwambia mtu yeyote "nunua kitabu changu", kana kwamba wamesema hawajawahi kuiba.

Mwishoni mwa kiangazi mdondo ukaingia mtaani. Jogoo mmoja wa Mama Tatu alianza kujitenga, amejikunyata, mabawa yameanguka. Mama Tatu akatwanga mshubiri na pilipili, akatia kwenye maji, akawa anawanywesha mmoja mmoja kwa kijiko. Shingo zikaanza kupinda. Kila alipofungua banda asubuhi alikuta wengine wamelala miguu juu, na alipojaribu kuwauza waliobaki hakuna aliyewataka, kwa kuwa habari zilikuwa zimeshaenea. Kabla juma halijaisha banda likawa tupu. Alichimba shimo karibu na ua wa minyaa, na Tatu akawa anawaleta amewashika miguu. Upande wa pili wa ua, umbali wa kurusha kandambili, maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa dirisha.

Mzee Ntandu akaja kutoa pole. Alisimama pembeni mwa shimo, akatikisa kichwa, kisha, Mungu amsamehe maana mimi bado sijaweza, akasema kwamba hayo yote ameyaandika kitabuni mwake, kwamba lilihitajika tone moja tu jichoni, mapema. Mama Tatu akaliacha jembe. Hakupiga kelele. Alimtazama, akamwambia: "Baba, siku ile ukumbini mimi ndiye niliyepika, hebu niambie, yule mgeni wako rasmi anafuga kuku wangapi?"

Mzee alirudi kwake. Aliingia ndani, akatoka na nakala aliyokwisha kuitia sahihi, akampa. Mama Tatu akaipokea kwa mikono miwili kwa kuwa alilelewa vizuri, akashukuru, akaendelea kufukia.

Siku ya mnada iliyofuata Mzee Ntandu aliyabeba maboksi mwenyewe mpaka kwa Swedi. Alikuwa ameandika kwa mkono, juu ya vipande vya karatasi, KUKU WAKO WASIFE NA MDONDO, akavibandika kwenye kila jalada, juu ya ile suti. Alisimama kando ya dawa ya minyoo kutwa nzima, akiwaeleza wafugaji habari ya tone la jichoni bila kuwadai chochote, na waliomsikia walinunua kitabu ili wajue mengine. Waliosoma wakawaambia wenzao. Masika hayajafika, maboksi yakaisha, na watu wa vijiji vya mbali wakawa wanampigia Swedi simu kuuliza vingine vitakuja lini.

Naona mnatabasamu. Wengine mnaandika kwenye simu zenu: jalada, mnada, duka la dawa. Andikeni, ni kweli tupu, na anayejichapishia kitabu bila kuyajua hayo ametupa fedha zake jalalani. Lakini msitabasamu. Kuku wa Mama Tatu hawakufufuka. Nafasi ya Tatu chuoni alipewa mtu mwingine, na mpaka sasa anashinda kwenye kibanda cha watu akiuza vocha. Hakuna aliyewaibia. Kilichohitajika kuwafikia kilikuwa hapo hapo kwa jirani, kimechapwa, kimekatwa vizuri, kimelipiwa.

Mmeniita niwafundishe biashara ya vitabu, na tangu asubuhi mnanieleza kwamba kutembeza ni aibu, kwamba mwandishi ana heshima yake. Hiyo aibu mnaiona kwa ajili ya nyuso zenu. Mlipokaa kuandika mlikuwa na mtu mmoja mawazoni, mkaiona shida yake, mkakesha kwa ajili yake, na siku ya kitabu kutoka mkamwacha jikoni mkaenda kumtafuta mheshimiwa. Basi nijibuni, mmoja mmoja, wala msinijibu kwa methali: kitabu chako ulimwandikia nani, na mtu huyo ameshaambiwa?